Unafungua Simu Kutafuta Nini? Mwongozo kwa mwanafunzi wa Itebero anayejifunza kwa programu

Simu imetoka kuchajiwa kwenye kibanda chenye paneli ya sola, betri inasoma mia kwa mia, na nyumbani kuna watu wanne wanaoingoja. Dada yako anataka kumpigia mume wake aliye mgodini. Mdogo wako anataka mchezo. Wewe una saa moja, labda na nusu, kabla haijazimika au kuchukuliwa mkononi mwako. Mwongozo huu unahusu saa hiyo.

Sitakwambia ni programu ipi iliyo bora kuliko zote. Miaka niliyosimama mbele ya ubao imenionyesha kwamba wanafunzi wawili wanaweza kukaa na programu ileile, somo lilelile, jioni ileile, kisha wakainuka na vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Tofauti haimo ndani ya simu. Kila mmoja alikuja na haja yake.

Chukua somo la kemia kuhusu bati. Huku Walikale hakuna mtoto asiyeijua kasiteriti: ameiona kwenye mifuko, ameisikia kwenye mabishano ya bei. Mwanafunzi wa kwanza yuko mwaka wa nne wa humanite, yaani sekondari. Anafungua ukurasa, anatafuta fomula, anaikuta SnO2, anaiandika, anafunga. Imemtosha, ni itemu moja hiyo, swali moja la mtihani. Wa pili ana kaka anayeuza mzigo kwa mnunuzi, na kila mara anaambiwa mzigo wake hauna kiwango. Anafungua ukurasa uleule lakini haishii kwenye fomula. Anakwenda kwenye jedwali la elementi: bati 118.7, oksijeni 16 mara mbili, jumla 150.7. Anagawanya. Anapata kwamba karibu asilimia 79 ya kasiteriti iliyo safi kabisa ni bati, na kwamba hakuna jiwe la kasiteriti duniani linaloweza kupita hapo. Mnunuzi akitaja 60, sasa anajua kinachozungumzwa ni mchanga na chuma vilivyochanganyika na mzigo, si mkosi wa kaka yake.

Hakuna aliyekosea kati ya hao wawili. Kosa linaanza pale wa kwanza anapodhani amejua kemia, na pale wa pili anapoingia kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza humanite, bila kuwahi kujibu itemu hata kumi huku saa ikimkimbiza.

Kwanza jaza kadi memori

Itebero iko kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Bukavu kupitia Hombo na Walikale-centre kuelekea Kisangani. Barabara hiyo unaijua, na mvua inavyoifanya unaijua zaidi. Mtandao nao una tabia za barabara hiyohiyo. Basi programu zinazodai mtandao kila dakika, kama VodaEduc ya Vodacom au Schoolap, ziwekee siku unapokuwa mjini. Kwa Itebero tafuta zinazokaa ndani ya simu au kompyuta na kufanya kazi mtandao ukiwa umekufa.

Nitakutajia chache. Kiwix ni programu ya kusomea Wikipedia na vitabu vingine bila mtandao. Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la Marekani, inabeba video na mazoezi, yakiwemo ya Khan Academy kwa Kifaransa. Ukiiweka kwenye kompyuta moja ya shule, simu zilizo karibu zinaunganika nayo kwa Wi-Fi ya humo humo darasani, bila hata mega moja ya kununua. AnkiDroid ni ya kadi za kukumbuka. GeoGebra ni ya hesabu na jiometri. PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, ina majaribio ya fizikia na kemia unayoyachezea kwa kidole, na yapo kwa Kifaransa.

Anayekwenda Bukavu mpe kadi memori pamoja na karatasi yenye orodha ya vitu unavyotaka. Jambo moja huwapotezea watu safari nzima: kadi za giga 32 kwa kawaida zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja inayozidi giga 4. Wikipedia yote ya Kifaransa na picha zake ni makumi ya giga, haitaingia. Mwambie akuchukulie mafungu ya masomo: kemia, fizikia, hesabu, tiba. Mwambie pia achukue Vikidia. Hiyo ni ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto, na usione aibu. Kifaransa chake ni chepesi, na kwa mtu aliyekulia kwenye Kikano, Kinyanga au Kiswahili, kuanza na maelezo mepesi ni njia ya mkato iliyo halali.

Mistari mitatu kabla ya kugusa kioo

Chukua daftari. Mstari wa kwanza: *leo natafuta*. Usiandike "fizikia", hilo ni jina la somo. Andika, kwa mfano: kujua kwa nini balbu mbili zikifungwa kwa mfululizo zinafifia. Mstari wa pili: *nitajua nimepata nikiweza*. Hapo andika kitendo kinachoonekana, kama vile kuchora saketi bila kuangalia na kumweleza mdogo wangu mpaka aelewe. Mstari wa tatu uache wazi. Ukimaliza, au betri ikikumaliza, andika umekwama wapi. Mstari huo ndio utakaompelekea mwalimu kesho, maana mwalimu mwenye darasa la watu sitini hawezi kukusaidia ukimwambia "sikuelewa". Ukimwambia "nimekwama hapa", anaweza.

Kazi hii ni ya dakika tatu. Wengi huiruka, kisha saa yote inaishia kupekua kama mtu aliyeingia sokoni bila kujua alitumwa nini.

Ukitaka diploma

Tuseme wazi: wengi wenu mnataka diploma. Wako watu wanaowasikitikia wanafunzi kwa kuwaza pointi, wakisema elimu ni zaidi ya mtihani. Mimi simo kundini mwao. Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Humanite bado mzazi anailipia, na mzazi aliyeuza mbuzi wake ana haki ya kuona mtoto wake akimwagiwa poda nyeupe kichwani siku matokeo yanapotoka. Taka diploma. Lakini ukiitaka, itake kwa akili, na ujue mtihani wenyewe umekaaje.

Exetat ina sehemu mbili. Kwenye hors-session kuna disertasio, Kifaransa cha mdomo, na vitendo kwa opsioni zenye vitendo. Kisha inakuja sesioni ya kawaida ya siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni, kwa itemu zenye majibu ya kuchagua. Itemu ikiwa na majibu matano, anayebahatisha kutoka mwanzo hadi mwisho ataokota kama asilimia 20. Wewe unatafuta 50.

Kinachowaangusha wengi ni kukariri itemu za miaka iliyopita kama zilivyo. Unaisoma itemu, unaona jibu ni la tatu, unasonga mbele. Ukiirudia mara kumi, jicho linakumbuka mahali jibu lilipokaa, na wewe unaamini umejua. Itemu ikija na namba nyingine au majibu yamehamishwa, unabaki mikono mitupu. Kwa hiyo funika majibu kwa kiganja. Jibu kwanza kwenye karatasi, kisha fungua uone kama jibu lako limo. Kama halimo, afadhali umelijua kosa leo ukiwa kwenye mkeka kuliko kulijua mbele ya msimamizi.

Kwa mambo ya kukumbuka, yaani tarehe, fomula, maneno ya Kifaransa, majina ya mifupa, tumia AnkiDroid. Kadi uliyoikosa inarudi upesi; uliyoipata inarudi baada ya siku kadhaa, halafu baada ya wiki, halafu baada ya miezi. Tengeneza kadi zako mwenyewe, jambo moja kwa kadi moja, na usiweke itemu nzima pamoja na majibu yake. Kadi kumi mpya kila siku kwa siku mia ni kadi elfu moja, na kuzipitia hakuli betri kama video.

Na ukumbuke jaribio moja la mwaka 2006. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi makala fupi. Baadhi waliisoma tena. Wengine waliifunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Kurudia video mara tatu kunakupa raha ya dakika tano, na Exetat yako haifanyiki baada ya dakika tano.

Disertasio haina programu. Iandike kwa kalamu, mpe mtu aikosoe. Kwa Kifaransa cha mdomo simu inakufaa kwa njia ambayo wachache huiwaza: jirekodi ukijibu swali kwa dakika mbili, kisha jisikilize. Mara ya kwanza utatamani kujificha. Mara ya tano utaanza kusikia makosa yako kabla mjumbe wa juri hajayasikia.

Wanaoihadaa programu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipowahi kukosea mimi mwenyewe.

Katika shule moja niliyofundisha tulipata kompyuta chache zenye mazoezi ya hesabu. Nikatangaza zawadi ya madaftari kwa atakayemaliza mazoezi mengi kuliko wengine. Kijana mmoja akamaliza sura nzima ya aljebra kwa jioni moja. Nikampigia makofi mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata, kwenye interogasio, akapata 3 kati ya 20. Nilipokaa nyuma yake nikaona kazi yake: anabonyeza kitufe cha msaada mpaka programu imwonyeshe jibu lote, analiandika, anasonga. Palipokosa msaada alikuwa akijaribu 1, 2, 3, 4, mpaka rangi ya kijani itokee. Programu ilimhesabia amemaliza. Mimi pia.

Jambo hili limechunguzwa. Kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Ryan Baker na wenzake walitazama wanafunzi wakitumia programu ya hesabu, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba wanaoihadaa namna hiyo hujifunza kidogo kuliko wenzao. Hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni hatua ya pili. Ilidhaniwa kwamba wanaohadaa ni wale wanaowaza pointi na sifa tu. Mwaka 2005 walipolipima wazo hilo, halikusimama. Waliojali sana kuonekana hodari hawakuwa wakihadaa zaidi ya wengine. Wao walikwenda polepole, wakiogopa kukosea. Waliohadaa walikuwa zaidi wale ambao hawakupenda kompyuta wala programu yenyewe.

Soma hilo mara mbili, hasa wewe mwalimu. Maana yake kumkemea mtoto kwa kutaka pointi hakutamponya. Anayebonyeza msaada mfululizo huenda anakwambia kwamba programu imemchosha, au kwamba somo limempita zamani na yeye anaburuzwa tu. Mrudishe nyuma. Kijana wangu wa aljebra hakuwa mvivu. Hakujua sehemu, zile za nusu na robo, na juu ya mchanga huo tukataka ajenge nyumba ya milinganyo. Kwenye Kolibri unaweza kushuka hadi mazoezi ya darasa la tano bila mtu yeyote kukucheka. Shuka.

Ukijikuta unabonyeza haraka, fanya hivi: omba dokezo moja tu, kisha weka simu chini na umalizie kwenye karatasi. Ukilazimika kufungua jibu lote, lifunge na ulifanye upya zoezi lilelile kutoka mwanzo kwa mkono. Ukishindwa tena, hapo ndipo pa kuandika kwenye mstari wa tatu.

Ukitaka kuelewa

Mwenye haja hii ana adui mmoja: kutangatanga. Kiwix inakutoa kwenye bati, inakupeleka kwenye shaba, kutoka shaba hadi vita vya kale vya Ugiriki, na saa imekwisha. Kutangatanga si dhambi, mimi mwenyewe nimejua mambo mengi kwa njia hiyo, lakini kupangie siku yake.

Siku ya kuelewa, anza na kitu ulichokiona kwa macho. Umewahi kuona paneli na betri za kibanda cha kuchajia? Fungua saketi za PhET, jenga kibanda hicho kwenye kioo, ongeza balbu, kata waya, na kabla ya kila tendo sema kwa sauti unachotarajia kitokee. Neno "kabla" ndilo lenye uzito. Ukigusa kwanza na kushangaa baadaye, umecheza. Ukitabiri kwanza, hata ukikosea, umejifunza. Vivyo hivyo kwa asidi na besi: mama anayetengeneza sabuni kwa mawese na majivu anaijua besi vizuri kuliko kitabu, ila haiiti hivyo. Muulize kwanza, halafu fungua kipimo cha pH.

Video isimamishe kila dakika mbili au tatu, ueleze kwa Kiswahili kilichosemwa kwa Kifaransa. Usipoweza kukieleza kwa Kiswahili, hukukielewa kwa Kifaransa pia; ulisikia tu lugha tamu. Kisha, na hili ni la lazima, kirudishe kwenye Kifaransa kwa kuandika, kwa sababu Exetat haitakuuliza kwa Kiswahili.

GeoGebra ni nzuri kwa anayeona milinganyo kama misalaba ya kuhesabu tu. Andika *y = 2x + 1*, kisha badili 2 iwe 5, iwe 0, iwe hasi, na utazame mstari unavyoinuka, unavyolala, unavyoanguka.

Ukiogopa kukosea

Wapo wanafunzi ambao haja yao, hata kama hawaisemi, ni kutoonekana wajinga. Ndio wale wa Pittsburgh waliokwenda polepole, na Itebero wapo tele. Utawaona pale kompyuta ni moja na vichwa ni saba: mwenye haraka anashika kipanya, wengine wanatazama bega lake, na mara nyingi wasichana wanabaki safu ya nyuma. Somo likiisha, mmoja amejifunza na sita wamehudhuria.

Kanuni yangu ni rahisi. Anayeshika kipanya haamui. Anafanya tu anachoambiwa. Anayeamua hashiki. Kila dakika tano mnabadilishana, na anayejua zaidi ndiye anayeshika mwisho.

Kwenye Kolibri kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Watoto watatu wa nyumba moja wakitumia jina moja, maendeleo yanachanganyika, na yule dhaifu anajificha nyuma ya alama za mwenzake. Ukiwa peke yako, kosea kwa makusudi mara chache uone kinachotokea. Hakitokei kitu. Zoezi linakupa swali jingine.

Ukitaka kazi

Kwa anayewaza kazi moja kwa moja, programu ya masomo si lazima iwe ya shule. Uko opsioni ya biashara na usimamizi? Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na hesabu za kampuni zinafuata mpango wake wa uhasibu. Jifunze kuuweka kwenye LibreOffice Calc, ambayo ni bure: andika mauzo ya duka la jirani ya mwezi mmoja, fedha iliyoingia na iliyotoka. Ukiweza hilo una kitu cha kumwonyesha mwajiri. Unawaza uuguzi, kwenye shule za tiba za ITM au ISTM, na siku moja kufanya kazi kwenye zone ya afya ya Itebero? Fungu la tiba la Kiwix litakuzoesha maneno. Usimtibu nalo mtu.

Akili mnemba

Katika mji wowote wenye mtandao utakuta wenzako wanaipa ChatGPT devuari zao, yaani kazi za nyumbani. Haja yao ni kumaliza devuari, na wanamaliza kweli. Siwezi kukukataza, ila nakupa sharti moja: usiiulize kabla hujaandika jibu lako, hata likiwa bovu. Kisha iulize ni wapi umekosea, siyo jibu ni nini. Na uithibitishe kwa kitabu, maana inakosea kwa sauti ya mtu anayejua.

Neno kwa prefe (mkuu wa shule) na walimu

Msibandike ukutani orodha ya nani kamaliza mazoezi mengi. Kolibri humwonyesha mwalimu kila jaribio la kila mwanafunzi: alikosea wapi, aliomba dokezo wapi. Someni huko. Mwanafunzi mwenye mazoezi manne yenye makosa yaliyosahihishwa ana habari kubwa kuliko mwenye arobaini ya kijani. Na kabla ya kufungua kompyuta, waulizeni wanafunzi mmoja mmoja wanataka nini na somo hilo. Wengine watasema diploma, wengine kazi, mmoja atasema hajui. Huyo asiyejua ndiye wa kukaa karibu naye.

Mwaka ukikatika

Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale-centre, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Kila anayesoma huku anajua miezi kama hiyo hufanya nini kwa mwaka wa shule: milango inafungwa, familia zinaingia msituni, daftari linabaki. Ikitokea tena, usijidai kumaliza programu yote ya mwaka peke yako. Utakata tamaa wiki ya pili. Punguza haja: kutopoteza ulichonacho. Dakika ishirini za kadi zako kila siku, zoezi moja la hesabu, ukurasa mmoja wa Kifaransa unaousoma kwa sauti. Kadi memori ni ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. Ishone kwenye pindo la nguo.

Na ukiwa nayo imejaa, usimnyime jirani. Kolibri, Kiwix na AnkiDroid ni za bure, na kuzinakili kwa mwenzako kunaruhusiwa. Masomo ya Khan Academy nayo unaweza kuyagawa, lakini leseni yake haikuruhusu kuyauza, kwa hiyo wa kibandani akikuomba franga ili akunakilie, mlipe umeme wake tu.